Harusi Nimeipeleka Ujiji

Jumamosi, 27 Julai 1974
Imekubalika. Harusi Ujiji! Baba alinuna siku tatu, leo kaweka randa chini na kusema haya, sawa. Hajapenda. Anasema binti huolewa kwao, hapa hapa Gongoni, majirani waone. Nikamwambia sukari Tabora haipatikani, mchele wa kubahatisha, na kule kwa kina Abasi kuna samaki, kuna mawese, kuna nyumba kubwa ya mjomba wake. Yote kweli. Ila siyo sababu.

Mama Mwanamkuu aliniangalia sana.

Jumatano, 7 Agosti
Hekaheka tupu. Kibali cha kusafirisha mchele — karani kasema njoo kesho. Mara ya tatu sasa! Kanga za sare, duka la ushirika limetoa doti nne tu. Kungwi wangu ana mimba ya miezi minane, treni haiwezi. Shangazi anaumwa kiuno. Kila siku anapungua mtu mmoja. Tungekuwa tunafanyia hapa wangekuja kwa miguu.

Barua ya Abasi imefika kutoka bandarini anakofanya kazi. Anasema mama yake anamsubiri mama yangu kwa hamu. Anamaanisha Mama Mwanamkuu, mke wa Baba. Walipokuja kuposa yeye ndiye alikaa mkekani, wakamwita mama wa bibi harusi, nami nikanyamaza. Na ni mama kweli, kanilea tangu nina miaka sita, Baba alipomwacha Mayu. Lakini aliyenizaa ni Mayu. Mayu ni mama kwa kilugha chetu; jina lake Minza, yuko Goweko, analima tumbaku.

Abasi hajui kama yupo.

Jumapili, 11 Agosti
Goweko. Karibu hivi kwa treni! Nimemkuta Mayu juu ya paa anashusha nyasi. Wanahamishwa wote kwenda kijiji kipya, kabla mwezi haujaisha. Nyumba imebaki kuta. Kashuka akanisalimu, "Mwangaluka, mwanangu," anajifuta mikono kwenye kanga. Vidole vimepasuka.

Nikamwambia, harusi Ujiji, tunaondoka tarehe ishirini.

Akauliza, ni mbali kuliko Tabora? Mbali sana, Mayu. Usiku kucha kwenye treni. Akafikiri. "Basi sitaweza. Wakikukosa siku ya kujenga wanaandika jina."

Nikasema pole. Nilivyosema haraka! Akaniangalia usoni, mimi nikatazama kuta.

"Watu wenyewe wastaarabu?"
"Wastaarabu, Mayu."
"Wamesoma?"
"Wamesoma."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Akanifungia karanga.

Ningesema Tabora, angekuja asubuhi akarudi kesho yake. Nilijua. Ndiyo maana nikasema Ujiji. Mwaka juzi alikuja shuleni kwangu peku, na viazi kichwani, mwalimu mwenzangu akamuuliza anauzaje. Nikacheka na wenzangu. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Jumanne, 20 Agosti
Jioni tunaondoka. Tulikuwa watu kumi na wawili, tumebaki sita. Kibali hakikutoka, mchele unabaki. Baba kafunga karakana. Kasema neno moja tu: "Mtu anaozesha binti kama anayetoroka."

Ningeweza kugeuza? Simu ya maandishi imeshakwenda, wamealika watu. Nimechelewa.

Jumatano, 21 Agosti
Injini imekufa. Tuko kistesheni kidogo mbele ya Kaliua, porini, tangu alfajiri. Sasa saa saba mchana. Wanasema injini nyingine inakuja.

Nilichukua ndoo kwenda kutafuta maji, nikapita behewa la daraja la tatu. Mayu! Amekaa sakafuni karibu na mlango, kajitanda kanga mpaka machoni. Alipanda jana pale Goweko, treni hii hii. Kwa balozi wake wa nyumba kumi alisema anakwenda kuuguza.

Niliweka ndoo chini. Akaanza yeye, kama anayeomba radhi. "Sikuja kukaa na wakubwa. Nitasimama nje na watazamaji, nikuone ukipita, nirudi. Sitasema mimi nani."

"Nani kakuambia hayo, Mayu?"

"Hakuna. Nilikuona uso, siku ile."

Nikalia mbele za watu. Yeye kachukua ndoo, kaenda kuchota. Aliporudi nikamwomba aje kwetu daraja la pili. Akakataa. Na mimi — niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma — sikumwomba mara ya pili.

Alhamisi, 22 Agosti. Ujiji
Tulifika jana usiku. Mama yake Abasi alikuja stesheni na shangwe zote, vigelegele, maua. Mayu nyuma yetu na sanduku langu kichwani. Alilichukua mwenyewe, sikumtuma. Mama yake Abasi akauliza, "Na huyu?"

Baba alinitazama. Mama Mwanamkuu alinitazama. Wakaniachia mimi.

Nikasema, mtu wa kwetu, alinisaidia maji njiani.

Mayu akaitikia, "Ndiyo, mama. Jirani."

Jirani! Kaongeza yeye, ili uongo wangu usimame vizuri.

Wamempeleka uani kwa wapishi. Mimi niko ndani, nimepakwa liwa ya bibi harusi usoni, siruhusiwi kutoka. Tangu asubuhi namsikia. Anapeta mchele wa kesho, anawachekesha wanawake wa watu. Wameshampenda. Abasi kapita uani kuwasalimu, nimemsikia, "Shikamoo, mama." Naye, "Marahaba, baba." Nikasikia ungo umesimama. Hakuna aliyejua kwa nini.

Baba hajala. Mama Mwanamkuu kaja kuniambia, mlango kaurudisha: "Nimekulea, Tatu, sijutii. Lakini kesho sikai kwenye kiti cha mama, na mama yako yuko jikoni. Sema wewe. Mimi siwezi kukusemea."

Nimesema nitasema. Kwa maneno gani? Nikisema sasa, watajua nilimficha. Nisiposema, kesho nitapita mbele yake nikiwa nimepambwa, naye ananitazama kutoka kwenye masufuria.

Sasa hivi kaingia mama yake Abasi. Furaha tupu. Yule jirani yenu, kasema, anafanya kazi ya watu watatu, na hataki hata kukaa. Anataka kumpa doti ya kanga kesho, mbele ya watu. Anaitwa nani?

"Minza," nikasema.

"Minza tu? Mtu mzima yule, sitamwita jina hivi hivi. Mama nani?"

Kaitwa nje kabla sijajibu, na jibu ni moja tu: Mama Tatu. Kasema, nisubiri, narudi sasa hivi. Namsikia ukumbini, anaagana na mtu. Viatu vyake hivyo, anakuja