Vipande vya Sumu ya Swila

Mwalimu,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini sina mwingine wa kumwambia haya. Nimeiharibu kazi yako. Nalisema mapema, kabla sijaanza kujitetea.

Unaikumbuka ile hazina ya kompyuta uliyokuwa ukiitamani, ambamo mtafiti popote alipo angesoma bure protini gani mwilini hushikana na ipi? Imepatikana. Wanasayansi wa ng'ambo wameifungua, na wanapokea kazi za watu. Niliposikia, wallahi nililia, maana tulikuwa tumekuzika juzi tu.

Nikaenda kwa mkeo, akanipa bati lako la biskuti. Vipande vyako vyote vya karatasi juu ya sumu ya nyoka swila vilikuwamo: protini hii hushika nini kwenye damu, ile hushika nini kwenye neva. Miaka yote uliyotufundisha huko Kisauni uliviandika nyuma ya karatasi za mitihani ulizokata vinne, kwa kuwa hukuweza kuona karatasi ikitupwa. Nami nikasema nitavinakili kwa hati nzuri. Nikanakili upande wako, wa mtihani nikauacha. Nani hunakili majibu ya kidato cha pili? Kisha karatasi nikampa Mama Saumu muuza viazi karai, hapa Mjambere, afungie wateja. Nikajiona hodari, eti nami situpi.

Jibu la barua pepe lilikuja na adabu zake. Kila kipande kionyeshe habari yake imesomwa jarida gani, ukurasa gani, la sivyo hakiingii.

Ndipo nikazikumbuka zile herufi na namba za penseli, kando ya wino wako mwekundu upande wa mtihani. Nilidhani ni maksi za wanafunzi. Ya Rabbi, zilikuwa ndiyo majarida na kurasa zake! Nilikimbia, Mwalimu, miguu mitupu, mchana kweupe, watu wakinitazama. Mama Saumu alikuwa amebakiwa na vipande saba msumarini. Saba! Vingine vimekwenda na pilipili na ukwaju, watu wamefutia mikono. Maskini akaniuliza kama zilikuwa hati za shamba.

Na kuna baya zaidi. Nilianza kubuni kurasa. Ndiyo, mimi. Jarida fulani, ukurasa fulani, nani huko ng'ambo angejua? Niliandika mbili, nikakusikia kama darasani: "Zuhura, umelisoma wapi hilo?" Nikazifuta. Sijapata kujichukia vile.

Vile saba vimeingia kwa jina lako. Aliye na kompyuta popote duniani anavisoma, haombi ruhusa ya mtu. Vilivyobaki vimo kwenye daftari langu kwa hati safi kabisa, na havimfai yeyote. Umri wako wote, Mwalimu, nami niliusafisha ukaisha.

Nakuahidi hivi: nitayasoma majarida ya ile maktaba ya mjini uliyokuwa ukiendea kila Jumamosi, moja moja, mpaka nipate ulikosoma kila neno. Siahidi kumaliza. Ni rafu kwa rafu, na sikuwahi hata kukuuliza ulianzia jarida lipi.

Allah akurehemu, Mwalimu wangu, akupe kauli thabiti. Jumamosi iliyopita nilishinda humo tangu walipofungua hadi waliponitoa. Sikupata chanzo cha hata kipande kimoja. Kesho narudi.

Mwanafunzi wako,
Zuhura