Fimbo Niliyoikataa

Mjukuu wangu Kerubo,

Sisi huku Manga tu wazima, na majani chai yamechipua vizuri. Umeuliza kwa nini sasa natembea na ile fimbo niliyoikataa mwaka mzima.

Jumanne niliteleza shambani, nikashindwa kuinuka. Karibu alikuwapo mama yako peke yake, na unajua kwetu mkamwana na baba mkwe hawagusani.

"Baba, niite majirani?"

"Wanione matopeni hivi? Hapana."

Akakimbia nyumbani, akaleta fimbo, akaninyooshea ncha moja.

"Shika, Baba. Fimbo si mkwe wako."

Akavuta. Kerubo, nilisimama wima kama kijana! Sasa sitoki bila fimbo, ili mama yako awe na pa kushika.

Babu yako anayekupenda