Chevelle ya Damu ya Mzee

Lick Fork, Kentucky
8 Machi 1998

Mwanangu Denver,

Uko salama huko ndani? Unakula? Mimi mzima. Kifua kinakohoa vumbi la mgodi kama siku zote, lakini juzi nimebeba kichwa cha injini peke yangu toka ghalani mpaka barazani, na katika bonde hili hakuna mwingine wa miaka sabini na mmoja anayeweza, wala wa hamsini. Shule nilitoka darasa la nne, kwa hiyo soma taratibu.

Nalifufua gari letu. Miaka mitano limekaa ghalani bila moyo, tangu yule mwizi Coy Riddle aing'oe injini yake akaiuze, na wewe ukamng'oa jicho kwa spana ya magurudumu. Sasa nimesema basi. Chevelle niliyoinunua mpya mwaka sitini na sita, iliyompeleka mama yako Oleta hospitali kukuzaa, haitaozea kwenye nyasi kavu. Nimekata kutu yote ya sakafu nikachomelea bati jipya. Nimepata injini kubwa ya V8 ya lori la mbao, mara mbili ya ile ya kwanza kwa nguvu. Siku utakayotoka, tarehe kumi na tano Juni, nakuja getini na gari hilo, na askari wote watatoka nje kuangalia.

Jambo moja baya. Jumanne Coy alipita na pikapu yake akampiga risasi Jake, hapo hapo kwenye ngazi. Mbwa hakufa papo hapo, ilibidi nimmalizie mwenyewe. Kisha nikakimbia barabarani kabla hajakata kona, nikamtoboa Coy tairi mbili na kioo cha nyuma kwa risasi. Ningetaka kichwa chake ningekipata. Naye anajua.

Baba yako,
Burl Stidham


Gereza la Jimbo
19 Machi 1998

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Pole kwa Jake. Nimeisoma habari yake mara tatu, nikatoka uani nikapiga ukuta ngumi mpaka mkono ukavimba.

Baba, barua zinasomwa hapa kabla hazijanifikia. Usiandike tena habari za kupiga risasi. Nikitoka natoka kwa parole, kabla kifungo hakijaisha, na sharti lenyewe ni kuishi kwako. Kuna mama mmoja wa parole atakuja kuikagua nyumba mwisho wa Mei. Ukikamatwa hata siku moja, au akikuta bunduki, sina pa kwenda, nitamalizia miaka mitatu iliyobaki humu humu. Mpe mjomba Arlis bunduki zote. Zote, Baba, na ile ya chini ya kitanda.

La pili. Umesema injini mara mbili kwa nguvu. Hujasema breki. Magari ya mwaka ule yana kikopo kimoja tu cha mafuta ya breki kinacholisha magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, huna breki kabisa. Na zile ngoma za breki zikipata moto hazishiki kitu. Weka breki za diski mbele, na masta silinda ya vyumba viwili, kimoja kikiishiwa mafuta kingine kishike. Nimefundisha ufundi humu miaka mitatu, najua ninachosema. Ahidi.

Mwanao,
Denver


Lick Fork
5 Aprili 1998

Denver,

Salamu nyingi. Naandika nimekaa wima kwa sababu mbavu mbili zimevunjika. Nitakueleza.

Kwanza breki. Mimi nimeshuka Mlima Pine na breki hizo hizo, barafu barabarani, mama yako ana mimba yako ya miezi tisa, na sikumwaga hata kahawa. Leo mtoto niliyemfundisha kushika spana ananifundisha kusimama! Anayewaza kusimama kabla hajaondoka atembee kwa miguu. Breki zinabaki kama zilivyotoka kiwandani.

Injini imewaka Jumatano. Arlis aliziba masikio akasema, "Burl, hiyo ni gari au ngurumo?" Nikamwambia panda ujue. Akakataa. Nikashuka kilima peke yangu. Ile kona ya chini nikaingia kwenye zizi lake la nguruwe. Nguruwe wawili wamekufa, bampa la mbele limepinda. Hilo halihusiani na breki. Ni zizi lilijengwa vibaya.

Basi niko kwenye matope na nguruwe, sijapata pumzi, nani anasimamisha pikapu? Coy. Akaniambia, "Kizee, hata nguruwe wanajiua wakikuona." Nikamwambia, "Wewe umeona nusu tu." Akaning'oa garini kwa kola akanipiga na nguzo ya uzio. Mbavu, moja, mbili, nilizisikia. Nikapapasa nikapata kipande cha bampa nikampiga mdomoni. Meno yake mawili ninayo hapa kwenye kikombe. Alikuwa anazidi kunijia Arlis akatoka na bunduki. Zangu, zile ulizosema nimpe. Kwa hiyo umeona kwamba nimekutii.

Coy akiondoka akasema wewe ukitoka hutafika nyumbani. Atakungoja barabarani. Lakini mimi nitakuwa nimeshammaliza.

Baba yako


Gereza la Jimbo
14 Aprili 1998

Baba,

Shikamoo. Natumaini mbavu zinaunga.

Nguruwe wa mjomba Arlis hawakufa kwa ubovu wa zizi. Walikufa kwa sababu ulikanyaga breki na gari halikusimama.

Na mimi niko humu kwa sababu hiyo hiyo. Ulinilea ukiniambia Stidham harudi nyuma. Nilimpiga Coy mara ya kwanza, akaanguka, injini ilishaenda, ugomvi ulikuwa umekwisha. Nikampiga ya pili. Nikampiga ya tatu. Hakuna mtu aliyewahi kunionyesha namna ya kuacha. Ile sauti ya jicho lake naisikia kila nikilala.

Sitaki umuue Coy kwa ajili yangu. Sitaki kukuona wewe upande huu wa nondo na mimi upande ule, wala sote wawili humu. Badilisha breki. Kama huwezi kuniahidi kingine chochote, niahidi hicho.

Denver


Gereza la Jimbo
12 Mei 1998

Baba,

Karibu mwezi sijapata barua. Umekasirika, au unaumwa? Kama ni hasira, nitukane basi, mradi uandike. Mwenzangu wa chumbani anatoka kaunti ya Perry, anasema alisikia Stidham mmoja kafa. Hakujua jina.

Mwanao


Lick Fork
27 Mei 1998

Mwanangu Denver,

Ni mimi, sijafa. Aliyekufa ni Hobert Stidham wa kule juu, tena kwa uzee, aibu tupu. Wewe hujambo? Mimi nina uso kama boga lililoangukiwa na gogo, lakini moyo unapiga.

Sikuandika kwa sababu sikutaka kukwambia nilichokuwa nafanya. Nimeweka diski. Mbele zote mbili, na masta silinda ya vyumba viwili, mabomba mapya mpaka nyuma. Nilifanya peke yangu, mbavu zimefungwa kitambaa, usiku naota mafuta ya breki. Kisha nikapiga rangi, ile ile ya mwaka sitini na sita, damu ya mzee. Hakuna fundi Kentucky hii angeifanya vizuri zaidi, na hilo si majivuno, Arlis kasema.

Jumapili ilikuwa siku ya kupamba makaburi. Nilipanda na gari mpaka juu kwenye makaburi yetu, maua ya mama yako kwenye buti, ukoo mzima umekaa na maharagwe na mkate wa mahindi. Coy akaja. Hakushuka. Aliingiza pikapu makaburini, juu ya maua ya watu, na jiwe la mama yako likakatika katikati ya jina. Akarudi nyuma akapita tena. Akatoa kichwa akapiga kelele, "Mwambieni Denver nimemsalimia mama yake!" Akateremka.

Nililiokota jiwe. Nikaliweka chini. Arlis akasema, "Burl, tulia, mtoto anatoka wiki tatu hizi." Nilimsikia vizuri. Nikapanda gari.

Unaijua ile barabara iliyonyooka kwenda getini kwa Coy, kando ya kijito. Coy alikuwa ameshuka anafungua mnyororo wa geti. Nikakanyaga mafuta mpaka chini. Denver, gari hilo linakimbia! Sitakudanganya, nilikwenda kumuua. Nilimlenga kiunoni. Hata hakunisikia, pikapu yake inanguruma hapo pembeni, na alikuwa amenipa upande wa jicho bovu. Nikaliona lile shimo. Kwa mara ya kwanza nililiona sawasawa, lilivyonywea kama kovu la mti. Nikasema, hii ni kazi ya mwanangu, na aliyemfundisha kazi ni mimi.

Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Zile za zamani zingempitisha Coy kwenye geti na mimi juu yake. Hizi zako zilishika. Gari lilichimba kokoto, likainamisha pua, likasimama. Bampa liligusa suruali yake, tena kwa wepesi tu, kama unavyomgusa mtu begani. Coy alikaa chini akajikojolea.

Kisha akainuka na mnyororo.

Alinipiga nikiwa nimekaa. Dirisha lilikuwa wazi. Sijui mara ngapi. Mikono yangu ilikuwa kwenye usukani, na sikuitoa. Nilipigwa nikanyamaza, mimi Burl Stidham, na nakwambia hakuna mtu wa bonde hili aliyewahi kunyamaza vizuri kama nilivyonyamaza mimi. Alipiga mpaka Arlis na wengine wakafika wakamlaza chini. Askari wa kaunti wamemchukua. Watu arobaini walimwona makaburini, na kumi wakamwona na mnyororo mkononi. Mimi hawana cha kunishitaki, sikumgusa ila suruali.

Mama wa parole alikuja jana. Akauliza uso umefanya nini. Nikasema nilikuwa natengeneza breki. Akaangalia chini ya kitanda, akaangalia ghalani, akalizunguka gari mara mbili, akatia sahihi.

Sasa hili lisome ukiwa umekaa. Jicho langu la kushoto, daktari anasema limekwenda. Najua mkono wako unataka ukuta. Usipige. Mimi na Coy sasa tuna macho mawili kwa jumla, na mimi nasema yanatosha. Na wewe useme hivyo hivyo, getini hapo gerezani, mbele yangu, kabla sijakupa funguo.

Maana nitaletwa na Arlis, kwa gari letu. Kurudi utaendesha wewe.

Baba yako,
Burl