Lenzi ya Kuonea Gizani

Ndugu yangu, sikuwa na lenzi ya usiku, sikuwa na miguu ya kamera, wala imani ya mkwe mwenzangu kwamba mzee kama mimi ataweza kupiga picha za harusi ya kitinda mimba wangu bustanini, usiku.

Leo nikaenda dukani kwa mkwe huyo kuchagua lenzi. Nikamwambia muuzaji, "Lenzi ya usiku haijaribiwi mchana." Akaniingiza stoo, akazima taa. Ukabaki mwanga wa chini ya mlango tu.

Nikabonyeza.

Nikatazama kioo cha kamera. Mkwe. Kajibanza juu ya boksi, keki ya harusi mapajani, krimu mpaka kwenye nyusi. Mkwe yuleyule aliyekatazwa sukari na daktari.

"Mkwe, futa hiyo," sauti ikatoka gizani.

"Ngoja kwanza nikuze, nione kama pembeni kumetulia, hakuna ukungu."

Nikakuza. Kumetulia. Hata makombo yanahesabika.

"Futa, mzee wewe."

Sikufuta. Nimeichapisha picha hiyo, nikaitia kwenye bahasha pamoja na barua kwa mkwe: "Lenzi inafaa. Mfano umeambatanishwa. Nasubiri kuthibitishiwa kazi."

Nimelamba gundi, nimefunga. Dereva wake ameshaondoka nayo.