Diski Yako Niliyoianika Juu ya Mabati

Kwako mukubwa wangu, Baba Chantal, uliyelala kaburini Kanama,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako, mbele ya kompyuta mpya ya parokia, na sijui pa kuweka macho. Mi niliyezoea kusimulia hadi watu wa Grande Barrière wanasahau kuvuka mpaka, leo maneno yananikwama.

Tangu ulipotuacha, kwaya haijapata wimbo mpya. Zile za Pasaka, ulizotunga ukiwa mgonjwa, zilikuwa kwenye kompyuta ya zamani, na radi ikaiua. Ilisalimika diski yake tu. Mke wako aliitunza ndani ya kitenge, akaileta kwa kwaya, akauliza nani anaweza kuzitoa nyimbo humo. Unajua nani alinyanyuka.

"Muniachie mimi," nikasema. "Goma nilishatoa kompyuta ndani ya ziwa, imejaa visamaki vya sambaza, na jioni ikaandika barua."

Ukweli unaujua: Goma nilikuwa nambebea fundi sanduku lake la vyombo. Ulikuwa ukinisikia naongopa, unatabasamu tu. Hukuwahi kuniumbua mbele ya watu.

Bon. Nikaiunganisha kando ya diski ya kompyuta mpya. Nikabadilisha waya bapa unaoziunganisha, nikaubana upya. Diski yako ilinguruma mkononi kama paka, lakini kompyuta haikuitambua. Nikaigonga kama tunavyogonga redio. Mwisho nikafanya lile tunalofanya wote majiwe ya redio, zile betri, yakiishiwa nguvu: nikaianika juu ya mabati ya nyumba yako, katikati ya majiwe yenyewe, kwenye ile jua.

Mke wako akatoka na beseni la maharagwe, akatazama juu.

"Shemeji, na hiyo inakulaka jua?"

"Mama Chantal, acha. Hii ni teknik ya Goma."

"Goma yote iko na hiyo teknik, ao we peke yako?"

Ilipata moto mpaka ikaniunguza vidole, na kompyuta ikaendelea kuikana. Hapo ndipo nilipofanya linalonichoma hadi sasa. Kwaya iliponiuliza, nilisimama pale pale ulipokuwa ukisimama kuwaongoza, nikasema, "Hii diski ilishakufa. Marehemu hakuitunza."

Mke wako aliinamisha kichwa, akaanza kukunja kile kitenge. Afadhali angenitukana.

Leo mchana nimerudi hapa peke yangu, nikakumbuka siku ile nakushikia tochi nawe unaunganisha diski mbili. Uliniambia, "Zikiwa mbili kwenye waya mumoja, lazima moja ikubali kuwa mudogo. Zote zikijiita mukubwa, mashine inachanganyikiwa." Ukanionyesha kiplastiki kidogo kama punje ya mchele, kinachovishwa kwenye sindano za nyuma. Mi nilikuwa nawaza hadithi ya kwenda kuwapigia watu wa sokoni. Lakini kumbe sikio lilibaki na kitu.

Nimekichomoa cha diski yako, nikakihamisha pale karatasi ya mgongoni mwake inapoonyesha pa mudogo. Kompyuta ikawaka, diski yako ikatokea. Haikuwa imekufa, mukubwa. Nyimbo zote zipo. Ile ya mwisho ina beti mbili, halafu peupe.

Nilimwita mke wako. Alisoma polepole, midomo ikicheza, akagusa kioo cha kompyuta pale maneno yanapoishia. Kisha akageuka.

"Shemeji, umefanya namna gani?"

Ziwa lilishanifika mdomoni, na sambaza zake. Nikalimeza.

"Ni yeye alinionyeshaka," nikasema. "Zamani. Na ile nilisema mbele ya kwaya, nilimusingizia."

"Basi ukawaambie na wao," akasema, akakaa karibu na kioo.

Jumapili, kabla hawajaanza kuimba, nitasimama palepale. Naogopa, sikufichi. Sina hadithi ya kujifunika nayo.

Pumzika, na unisamehe ukiweza.

Mudogo wako