Kinga Hukaa Juu ya Nane

Chumba cha Juu, Nyuma ya Karakana ya Seremala,
Tarehe 4.

Mpendwa Dada,

Basi ndiyo, raha ile niliyokuandikia wiki ya harusi haijapungua hata chembe. U hali gani? Mgongo umekuachia? Na Baba Mkubwa, kikohozi je? Sisi wazima. Huu mwezi wa pili naitwa mke wa mtu, na kila nikiamka namtazama seremala wangu nacheka peke yangu.

Amenichongea meza ya kusomea. Nilipokuwa nikihangaika na asilimia aliniita, "Meneja, chai tayari, au nayo tuigawe kwa mia kwanza?" Nampenda, Dada, mpaka naona haya kuandika.

Mtihani wa kuajiriwa benki nimeanguka, kwa swali moja tu. Benki ina mtaji wa milioni tisini. Mikopo yake, ikishapimwa hatari, ni milioni elfu moja. Kiwango cha chini ni asilimia nane, mtaji wa kinga, ile akiba ya siku ya hasara, asilimia mbili na nusu. Je, igawe faida yote kwa wenye hisa? Nilipata asilimia tisa, nikaandika igawe bila wasiwasi. Wewe mfanyakazi wa benki ndiye uliyeniandikia kwamba kinga imo ndani ya ile nane.

Juzi akaja mdogo wako, kitindamimba wenu, na furaha ya kufaulu mtihani huo huo. "Dada si katufundisha sote? Ulikwama wapi?" Akanipa barua uliyomwandikia yeye niisome. Mwandiko wako ule ule: "Kinga hukaa juu ya nane. Jumla kumi na nusu; mwenye tisa hagawi faida yote." Nikaigeuza karatasi kabla hajaninyang'anya; nyuma umemwandikia: "Mwenzako usimwambie. Nafasi ya kazi ni moja, naye ana mume wa kumlisha."

Ungeniomba nijitoe, ningejitoa. Lakini kunifundisha uongo, tena ukaupigia mstari kwa kalamu nyekundu nisiusahau! Mimi niliyelelewa kwenu, nikalala nawe kitanda kimoja miaka sita! Mume wangu ananilisha, tena kwa mapenzi. Kazi niliitaka mwenyewe, na hamu hiyo ulinitia wewe.

Nisalimie Baba Mkubwa na Mama Mkubwa. Haya sijawaambia. Mungu akutunze, ingawa leo naomba hivyo kwa shida.

Usinijibu kwa barua. Kabla mwezi huu haujaisha nitabisha hodi kwako, nawe utaniambia ukinitazama machoni.

Akupendaye hata akiwa analia,
Mdogo wako, Bibi Harusi