Mti wa Kifua wa Mama

Jumatatu, 5 Machi 1951
Nimepalilia nyuma ya nyumba kabla ya kwenda shule. Nimeng'oa kichaka kimoja kibaya nipate nafasi ya mibuni mitatu. Shina nikalichoma moto. Jioni mke wangu, Ndeanasia, kauliza mti wa kifua wa mama uko wapi. Ndio huo! Marehemu bibi aliuleta kutoka Upare. Mlimani kwetu hakuna mwingine. Majirani wote wakikohoa huja kwa mama. Yeye yuko Marangu kwa dada yake, atarudi mkesha wa Pasaka. Yamebaki matawi tu. Na mimi ndiye mwalimu wa kilimo.

Jumanne, 6 Machi
Nimekata vijiti kumi na viwili. Vinne nimevipanda kwenye samadi mbichi, debe zima. Kichanga hulishwa kikakua. Vinne kwenye udongo mweusi wa msituni. Vinne vya akiba nimevifunga kwa majani mabichi ya mgomba. Nina matumaini makubwa.

Ijumaa, 9 Machi
Vya samadi vimeoza. Vinanuka. Vya udongo wa msituni kuku kavifukua akitafuta minyoo, kavikanyaga vyote. Namchukia kuku huyu. Ndeanasia kacheka mpaka kashika ukuta.

Jumamosi, 10 Machi
Soko la Kiboriloni. Nimemwendea Bi Mwanaidi, muuza dawa za miti. Nimesema ni shida ya rafiki yangu.
"Mwambie huyo rafiki yako, mwalimu, kijiti hakina mdomo bado. Samadi kitaila na nini? Kipe mchanga wa mtoni, uuoshe, ukiweke kivulini. Kikishaota mizizi, ndipo ukilishe."
Nimebeba debe la mchanga kichwani toka mtoni. Wanafunzi wameniamkia njia nzima. Aibu. Vile vinne vya akiba nimevipanda humo kwenye debe.

Jumatano, 14 Machi
Nimevichomoa nione mizizi. Hakuna. Nimevirudisha.

Alhamisi, 15 Machi
Nimevichomoa tena. Ndeanasia kalichukua debe, kaenda kulificha. Hasemi wapi. Nimekasirika. Lakini ana haki.

Jumamosi, 24 Machi
Mama karudi. Nimemwamkia, kaitikia huku anatazama nyuma ya nyumba. Nimempa jani la isale, la kuombea msamaha, kwa mikono miwili, nikaungama yote.
"Na hao watoto wa watu," kauliza, "unawafundisha nini huko shuleni?"
Ndeanasia kaleta debe kutoka zizini. Vijiti vitatu vina majani mapya, madogo kama masikio ya panya. Mama kapokea isale. Chakula kakataa.

Jumatatu, 26 Machi
Mvua tangu alfajiri. Kijiti kimoja kimekauka, viwili vizima. Jana jioni mama alikula. Leo kaketi kwenye kigoda kando ya debe, ananyunyiza maji kwa vidole. Anakohoa kidogo. Majani bado machanga, hakuna aliyeyagusa. Nimesogeza kigoda changu karibu naye. Hakunifukuza.